Shukrani ya Waliovuka

Sisi tuliokulia Tabora tunaisoma Zaburi ya 107 kama habari za nyumbani. Inataja makundi manne ya watu waliomlilia Mungu akawaokoa: waliopotea nyikani, waliofungwa, waliougua karibu ya kufa, na waliopigwa na tufani majini. Hatari hizo zote zilipita mlangoni petu. Msafara kutoka Bagamoyo ulivuka Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, yenye maji haba, kabla ya kufika Unyanyembe. Ndui na homa zilisafiri pamoja na wapagazi. Waliosonga mbele hadi Ujiji walikutana na mawimbi ya Ziwa Tanganyika. Na katika njia ile ile walipita watumwa wenye minyororo shingoni.

Wayahudi wameifanya zaburi hii kuwa desturi. Walimu wa Talmudi walifundisha kwamba wanne wanadaiwa shukrani: aliyevuka bahari, aliyevuka jangwa, aliyepona ugonjwa na aliyetoka kifungoni. Mtu huyo husimama mbele ya watu wasiopungua kumi na kutamka baraka fupi iitwayo Hagomel, nao humjibu kwa kumwombea mema zaidi. Ipo pia baraka ya mtu anayerudi mahali alipotendewa muujiza. Hapo humshukuru Mungu akipataja mahali penyewe.

Tukizilinganisha desturi hizi na shuhuda zetu za Jumapili, tunaona tulipopungukiwa.

Kwanza, Hagomel ni sentensi moja, na mtendaji wake ni Mungu. Shuhuda zetu huchukua nusu saa, na mara nyingi Mungu huingia mwishoni, baada ya msimulizi kujieleza vya kutosha.

Pili, baraka hiyo inakiri kwamba Mungu huwatendea mema hata wasiostahili. Sisi husema: niliokoka kwa sababu nilifunga, niliomba, nilitoa. Tukumbuke tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ya Reli ya Kati iliporudi nyuma mkoani Dodoma na kugonga treni ya mizigo. Watu zaidi ya 200 walikufa, katika reli ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara. Aliyenusurika siku ile ana haki ya kushukuru. Lakini akisema aliokolewa kwa kuwa aliomba, mama aliyezika mwanawe tutamwambia nini? Kwamba mwanawe hakuomba? Ushuhuda wa namna hiyo unawahukumu marehemu. Maneno ya Hagomel yanaufunga mlango huo.

Tatu, tumesahau meza. Walawi 7 inaagiza kwamba sadaka ya shukrani iletwe pamoja na mikate, na nyama yake iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Mtu mmoja hawezi kumaliza chakula hicho. Inambidi aite wenzake. Sisi tumeitia sadaka hiyo ndani ya bahasha. Jina husomwa, kiasi wakati mwingine hutajwa, na jirani mwenye njaa hurudi kwake kama alivyokuja.

Wako watakaosema kwamba maneno yaliyopangwa hugeuka mazoea. Ni kweli. Lakini nani kati yetu hajui kwa moyo mpango wa ushuhuda wetu ulio huru, tangu salamu hadi makofi? Wala hatusemi tutwae sala za Wayahudi na kuziita zetu. Tunasema tujifunze kwao adabu ya kushukuru.

Adabu hiyo, hapa Tabora, ina sharti moja zaidi. Misafara ilipofika salama ilipiga bunduki kwa furaha. Aliyefungwa mnyororo alifika saa ile ile, mahali pale pale, akisikia shangwe isiyomhusu. Shukrani isiyomkumbuka huyo ni nusu ya shukrani. Kule Kwihara tunawaonyesha wageni nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Ni vyema pia kusimama pale na kushukuru kwamba minyororo ilikatika, tukiwakumbuka ambao kwao haikukatika.

Tunaye wa kumfuata. Adrian Atiman alitekwa utotoni karibu na mto Niger, akauzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika. Alisomea utabibu Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa ametoka kifungoni na kuvuka jangwa na bahari, na shukrani yake ilichukua zaidi ya miaka 60, akiwahudumia wagonjwa.

Basi Jumapili ijayo, atakayesimama kushukuru aseme kwa ufupi Mungu alichomtendea, asijipe sifa, awataje ambao hawakurudi, kisha aite watu mezani. Nasi tuliokaa tumjibu kwa kumwombea.