Mganga Hajigangi: Kitabu cha Pollan na Swali Ambalo Hakikulijibu

Mwezi uliopita rafiki yangu niliyesoma naye sekondari alinitumia ujumbe kutoka Tunduma. Amemaliza kozi ya mtandaoni ya wiki chache, ana cheti chenye muhuri wa dhahabu, na sasa anajiita kocha wa saikedeliki. Akaniuliza: "Wewe umesoma mpaka masters, nitafutie mtu wa kunilea kwenye hii kazi. Nataka msimamizi." Akaniambia pia kitabu kilichomwingiza huko: *How to Change Your Mind* cha Michael Pollan, kilichotoka 2018, pamoja na filamu yake ya sehemu nne iliyowekwa Netflix mwaka 2022.

Kitabu hicho nilikuwa nimeshakisoma. Safari hii nikakisoma upya nikiwa likizo nyumbani Msangano, nikiwa na swali la rafiki yangu kichwani. Ninachokuletea hapa ni tathmini yake kwa jicho hilo moja tu: kinatuambia nini kuhusu mtu anayekaa pembeni ya aliyekunywa dawa?

Kwanza tuelewane. Saikedeliki ni kundi la dawa zinazobadilisha fahamu kwa saa kadhaa: unaona, unahisi na unafikiri tofauti kabisa. Kuna LSD, ambayo Albert Hofmann aliitengeneza Uswisi mwaka 1938 na kugundua nguvu yake mwaka 1943. Kuna silosibini, inayopatikana kwenye aina fulani za uyoga. MDMA nayo huwekwa kwenye kapu hilohilo, ingawa inafanya kazi kwa namna yake. Hapa Tanzania, dawa hizi zinaangukia kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Yaani hakuna mlango halali wa kuzitumia kumhudumia mtu. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Kinachofanya kitabu kiwe kizuri

Pollan anajua kuandika. Anaeleza historia bila kukuchosha: jinsi tafiti za miaka ya 1950 na 1960 zilivyozimwa, na jinsi Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilivyofungua mlango tena kwa utafiti wa silosibini uliochapishwa 2006. Sura ya ubongo ni nzuri sana kwa msomaji asiye mwanasayansi. Na anasema wazi kwamba hofu ni halali. Hauzi dawa kama sabuni.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile anayosimulia safari zake mwenyewe. Anatafuta waongozaji wanaofanya kazi kwa siri Marekani, kwa kuwa sheria ya huko nayo inakataza. Anawapa majina ya bandia. Mmoja wao, kabla ya kumpa LSD, anamfanyisha kwanza zoezi la kupumua kwa kasi, na hapo tatizo la mapigo ya moyo la Pollan linajitokeza. Akamwona daktari wa moyo, akashauriwa akae mbali na MDMA.

Mwongozaji mwingine alimtisha. Pollan alimuuliza itakuwaje mtu akifia mikononi mwake. Jibu lilikuwa, kwa maneno yangu, kwamba atazikwa kama wanavyozikwa wafu wengine. Pollan akaaga, akaondoka.

Kinachokosekana

Hapo ndipo ninapogombana na kitabu. Pollan aliweza kuondoka. Ni mwandishi maarufu, ana pesa, ana daktari wa moyo, ana marafiki watafiti wa kuwapigia simu. Aliwahoji waongozaji kama unavyohoji fundi wa nyumba, akachagua kwa kusikiliza nafsi yake. Sasa we fikiria mtu aliyefiwa, au aliyezama kwenye sonona, anayetafuta msaada wa mwisho. Ataondoka na nani? Atampigia nani?

Kitabu kinagusia kwamba waongozaji wa siri wana kanuni zao za maadili. Kinamtaja Leo Zeff, mwanasaikolojia wa Kalifonia aliyefariki 1988, ambaye inasemekana alifundisha waongozaji wapatao 150. Hiyo ilikuwa aina ya ulezi: mwanagenzi anakaa na mkubwa, anajifunza kwa kuona. Lakini Pollan hasukumi swali mbele. Mwanagenzi akikosea, nani anajua? Mgonjwa akilalamika, anakwenda wapi? Kanuni ambayo hakuna anayeweza kukuadhibu ukiivunja ni ahadi tu.

Na hili si jambo dogo, kwa sababu ya dawa yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio dogo la watu 10 wenye afya njema. Chini ya LSD, watu hao walikuwa wepesi zaidi kupokea mapendekezo ya mtu mwingine kuliko walipopewa dawa bandia. Watu 10 ni wachache, usijenge ghorofa juu yao. Lakini wanaelekeza kwenye jambo ambalo waongozaji wenyewe wanalijua: aliyekunywa dawa yuko wazi, na neno la aliyekaa pembeni linaingia kwa urahisi. Dawa inayolainisha maumivu ndiyo hiyohiyo inayolainisha ulinzi wa mtu.

Tazama kilichotokea Kanada mwaka 2015, kwenye jaribio rasmi la MDMA kwa watu wenye kiwewe. Wahudumu walikuwa wawili, mume na mke. Video zilizotoka hadharani baadaye zinawaonyesha wakimkumbatia na kumshikilia mgonjwa akiwa chini ya dawa. Mmoja wao baadaye akawa na uhusiano wa kingono na mgonjwa huyo. Angalia vizuri: lilikuwa jaribio lenye kibali, wahudumu wawili badala ya mmoja, na kamera inarekodi. Kurekodi si kusimamia. Lazima pawe na mtu anayetazama, mwenye mamlaka ya kusema "acha".

Agosti 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha MDMA kwa tiba ya kiwewe, ikataka utafiti zaidi. Mwezi huohuo jarida la *Psychopharmacology* likaziondoa makala tatu zilizotumia takwimu za majaribio hayo, likitaja mwenendo usio wa kimaadili katika kituo kile. Pollan aliandika kabla ya hayo, simlaumu kwa kutotabiri. Lakini filamu ya 2022 ilikuwa na nafasi ya kuuliza, na imepita pembeni.

Saa 120

Jimbo la Oregon, Marekani, limejaribu kujibu. Wapiga kura walipitisha silosibini chini ya usimamizi mwaka 2020, na huduma zikaanza 2023. Anayetaka leseni ya uongozaji anasoma saa 120 darasani na saa 40 za vitendo. Si lazima awe daktari wala mwanasaikolojia. Piga hesabu: saa 120 ni wiki tatu za kazi. Daktari wetu hapa anasoma miaka mitano, kisha anakaa mwaka mzima wa mafunzo kazini huku wakubwa wakimwangalia begani. Simaanishi kila mtu asome udaktari. Ila Oregon angalau kuna leseni, na leseni inaweza kunyang'anywa. Cheti cha rafiki yangu hakuna anayeweza kukinyang'anya, kwa sababu hakuna aliye nyuma yake.

Tunaye mwalimu karibu zaidi

Ukitaka kitabu kinachojibu ulezi, soma cha John Janzen, *Ngoma*, cha mwaka 1992. Janzen alizunguka Kinshasa, Dar es Salaam, Swaziland na Cape Town akichunguza uganga wa ngoma. Anachoonyesha ni kwamba pale mganga mara nyingi huanza kama mgonjwa. Anatibiwa, anaitwa, anakuwa mwanagenzi chini ya mkubwa, anapanda hatua kwa hatua, na anabaki ndani ya kundi la wenzake linalomjua. Hata neno lenyewe limesambaa: sisi tunasema mganga, na kule Gaboni, kwenye Bwiti wanakotumia mzizi wa iboga, anaitwa nganga. Iboga nayo inabadilisha fahamu, na kiini chake kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Huwezi kuijifunza kwenye simu.

Nilimuuliza mzee mmoja hapa Msangano, anayeunga mifupa. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamweleza habari za rafiki yangu. Akauliza, "Mwalimu wake anakaa wapi?" Nikamwambia hajawahi kumwona, alisoma kwenye simu. Akanyamaza kidogo. "Siku mgonjwa akimharibikia mikononi, atambeba ampeleke kwa nani?" Yeye alibeba mkoba wa mwalimu wake miaka saba, upande wa pili wa mpaka, kabla ya kuruhusiwa kugusa mfupa peke yake. Na mfupa uliomshinda hadi leo anaupeleka hospitali.

Tusije tukajidanganya lakini. Ulezi wa jadi nao unaweza kuficha uovu. Januari 2015 serikali yetu ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Tunayo pia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na Baraza linalosajili waganga. Mwalimu peke yake hatoshi. Kinachohitajika ni vitu viwili pamoja: mkubwa anayekujua, na chombo ambacho mgonjwa anaweza kukishtakia. Uganga wa ngoma una cha kwanza, Oregon inajaribu cha pili. Kozi ya rafiki yangu haina hata kimoja.

Hukumu yangu

Kisome kitabu cha Pollan kwa historia na kwa sayansi ya ubongo. Usikisome kama mwongozo wa kazi. Ni kitabu cha msafiri, na msafiri haulizi dereva analala saa ngapi mpaka basi liingie mtaroni.

Rafiki yangu nilimjibu hivi: siwezi kukutafutia msimamizi, kwa sababu kwa kazi hiyo hapa kwetu msimamizi halali hayupo. Na pasipo na msimamizi usimpe mtu yeyote chochote. Kama kweli unataka kukaa na watu wenye maumivu, kasomee ushauri nasaha mahali ambapo mkubwa atasikiliza kesi zako kila wiki na kukuambia ulipokosea. Hajanijibu kwa siku tisa sasa. Tiki mbili za buluu zipo.

Na wewe unayesoma, siku mtu akikuambia anaweza kukuongoza ndani ya akili yako, kwa dawa au bila dawa, muulize maswali mawili ya yule mzee kabla hujakaa: mwalimu wako anakaa wapi, na nikiharibika utanipeleka kwa nani? Akikasirika, jibu umeshalipata.