Mpaka Mkaa Ukolee

Mkaa ni kuni iliyokwisha kuungua mara moja. Ndani ya tanuri la mchoma mkaa, kuni hunyimwa hewa huku zikipikwa, zikatoka maji, moshi na utomvu, kikabaki kitu cheusi, chepesi, ambacho karibu chote ni kaboni. Zile gesi zinazoupa ukuni mwali wake zimekwenda zake. Ndiyo maana njiti ya kiberiti haiufanyi mkaa kitu. Lazima upashwe joto kwanza, mpaka uso wake uanze kula hewa wenyewe, na namna ya kuufikisha hapo kila nyumba ina yake.

Nausifu ufundi huu kwa sababu unatumia kilichopo. Pwani, kilichopo ni mnazi. Kumbi kavu huchambuliwa ikawa nyuzi, ikalazwa chini ya seredani. Juu yake vipande vya vifuu, vikiegemezana ili pabaki nafasi. Kisha mkaa mdogomdogo, na ule mkubwa mwisho. Kumbi hushika upesi na kuisha upesi. Kifuu hakina haraka: hutoa moshi mweusi mwanzoni, halafu mwali mnene unaodumu mpaka mkaa wa chini uwe mwekundu. Pasipo na nazi, trei ya mayai ya karatasi inafaa, na maganda ya chungwa yaliyokauka juani yanafaa zaidi, kwa yale mafuta yaliyomo.

Mkaa wa asili wa shisha, ule wa vipande vya mraba, nao mara nyingi ni vifuu vilivyochomwa, vikasagwa na kugandishwa kwa wanga. Kenya ilipiga shisha marufuku mwaka 2017, lakini vipande hivyo vina kazi nyingine ya heshima: chetezoni. Havina harufu ya kushindana na udi. Ule mwingine uliotiwa dawa ya kuwaka upesi hurusha cheche mara ukiguswa na moto na kunuka baruti. Mwenye udi mzuri asiutie karibu.

Tatizo ni kwamba vipande hivi ni vigumu na vizito, na kumbi peke yake haiviwezi. Basi watu wamebuni. Wengine huweka wavu wa waya au chujio kuukuu la chuma juu ya moto wa gesi, wakavigeuza kwa koleo kila upande mpaka vikolee. Dakika kumi hivi, na mtungi usiwe chini ya cheche. Mimi napendelea kopo. Chukua kopo la maziwa ya unga, litoe kitako na kifuniko, litoboe matundu kwa msumari kuzunguka sehemu ya chini, pitisha nyaya mbili katikati zishike mkaa, kisha washa karatasi chini yake. Hewa ya moto hupanda, na inapopanda huivuta ya baridi kupitia matundu. Kopo linajipepea lenyewe! Utalisikia likivuma kwa sauti ya chini, na hapo huna haja ya kulishughulikia tena.

Maana kazi yenyewe hasa ni hewa. Watazame wachoma mishikaki wa Forodhani, Unguja, wakiwa na kipande cha boksi mkononi. Hawapepei juu ya mkaa, wanapepea ubavuni, polepole mwanzoni, kwa sababu upepo mkali wa mapema huupoza mkaa ambao haujashika. Mama wa vitumbua anayewasha jiko kabla ya alfajiri anajua hilo bila kufundishwa na mtu. Anajua pia kuuchagua mkaa kwa sikio: hugonganisha vipande viwili, na vikilia kama chuma vimeiva, vikitoa sauti butu vina maji au havikuchomwa vizuri, vitapasuka na kurusha cheche kwenye kanga.

Mafuta ya taa ni njia ya mvivu, na chai huwasema wavivu. Mfuko wa nailoni ulikuwa mbaya zaidi, kwa moshi wake wa sumu. Kenya ilipopiga mifuko hiyo marufuku mwaka 2017 na Tanzania ikafuata mwaka 2019, majiko mengi yalipata nafuu bila kutajwa.

Mkaa uliokolea huvaa majivu meupe, na juu yake pengine hucheza vindimi vya buluu. Buluu hiyo ni kaboni monoksidi ikiungua. Isipoungua hutanda chumbani, haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Kwa hiyo washa nje au kwenye baraza, fungua madirisha unapofukiza udi, na usilale na jiko ndani, hata kama unaliona limefunikwa na majivu.