Upana wa Mtaro

Mpwa wangu anaanza na kisanduku cheupe. Hakina sura wala miguu: ni mraba mtupu juu ya mstari mweusi kwenye kioo cha kompyuta. Tumeketi barazani Kamachumu, wilayani Muleba, na ukungu haujaachia migomba. Aliniambia anatengeneza gemu ya mtu anayekimbia vita, nami nikatarajia kuona mizinga. Asubuhi nzima nimeona kisanduku kikiruka na kutua.

Anatumia Godot, programu ya bure. Ndani yake kuna namba tatu ambazo vidole vyake vinazirudia tena na tena: kasi 300, nguvu ya kuruka 400, mvuto 980. Kasi huhesabiwa kwa pikseli, vile vidoti vya kioo, kwa kila sekunde. Mara 60 katika sekunde moja kompyuta inauliza kidole kimebonyeza wapi, inasogeza kisanduku, inakichora upya.

Sasa kijana anafunika kompyuta na kuchukua kalamu. Kwa namba hizo, anaandika, kisanduku kinakaa hewani sekunde 0.8 na ushee, na kwa muda huo kinasonga mbele pikseli kama 245. Kisanduku chenyewe kina upana wa 32. Kikiruka ukingoni kabisa na kutua kwa ncha, kitavuka mtaro wa 277, si zaidi. Mtaro wa 300 ni kifo kisichoepukika, na wa 100 hauna maana. Anaamua mtaro mgumu kuliko yote uwe 230. Anafungua kompyuta, anaruka, anaanguka, anaruka tena. Nimehesabu majaribio 19 kabla hajatikisa kichwa kukubali.

Kabla ya mtaro huo ameweka mwingine unaofanana nao, ila una sakafu: ukianguka unatoka. Ujanja huu ameutoa kwa Shigeru Miyamoto wa Nintendo. Katika hatua ya kwanza ya Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985, kuna ngazi mbili zinazotazamana zenye ardhi katikati, halafu zinarudi zilezile, safari hii katikati pakiwa na shimo. Hakuna neno linaloandikwa kumwonya mchezaji. Amekwishafunzwa na mguu wake mwenyewe.

Lakini aliyemtia moyo si Mjapani huyo. Ni mtengenezaji wa gemu Lual Mayen, ambaye mama yake alimzaa njiani familia ikikimbia vita vya Sudan, na ambaye alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama huyo alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka zikafika dola 300, akamnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme, kwa hiyo Mayen alitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Nami nimelifikiria jambo hilo sana. Mtu anayelipia chaji kwa miguu hafungui mashine bila kujua atakachoandika. Nadhani sehemu kubwa ya kazi ya kutengeneza gemu aliifanya barabarani, kichwani, kama mpwa wangu anavyoifanya kwenye karatasi. Gemu yake aliiita Salaam. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na Desemba 2018 tuzo za The Game Awards zikamtambua jukwaani Los Angeles. Katika Salaam mchezaji ndiye mkimbizi. Anahitaji chakula, maji na dawa, na fedha halisi anazonunulia vitu hivyo ndani ya gemu zimekusudiwa kumfikia mkimbizi wa kweli kupitia mashirika ya misaada.

Saa sita mama yangu anatoka jikoni na bakuli la ndizi alizomenya. Anasimama nyuma ya mjukuu wake, anatazama kisanduku kikiruka.

“Huyu ndiye anayekimbia?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Mbona hana mzigo?”

Kijana anageuka. Mama anaweka bakuli chini. Yeye alitoka Missenyi, ng'ambo ya Mto Kagera, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, akavuka kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa. Sufuria kichwani, mkeka kwapani, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye dada yangu, aliyemzaa kijana huyu.

“Hatukukimbia hivyo,” anasema. “Ukikimbia hivyo mtoto anadondoka.”

Anaokota bakuli lake, anarudi jikoni. Mpwa wangu anakaa kimya kwa muda, kisha anafuta 300 na kuandika 240. Anabonyeza. Kisanduku kinakwenda kizito kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi naona mtu pale. Kinafika kwenye ule mtaro wa 230, kinaruka vizuri kabisa, kinagusa ukingo wa pili na kuteleza chini. Anachukua kalamu: 196 hewani, ongeza 32, jumla 228. Pikseli mbili zimepungua.

Ana mitaro 41 katika hatua hii. Anafungua ukurasa mpya wa daftari, anaandika namba 1 pembeni, na kurudi kwenye mtaro wa kwanza.