Hati haizuii mlima kushuka

Wandugu, nimemaliza kusoma The Mystery of Capital (2000) ya Hernando de Soto. Anasema: mpe maskini hati ya nyumba, naye atapata mkopo. Sawa, asiye na karatasi anafukuzwa kirahisi. Lakini wazo hilo tulilete Kadutu, hapa Bukavu.

Kwanza, tangu sheria ya 1973 udongo ni wa Leta. Raia anapewa konsesio tu. Pili, mvua ikinyesha sana, mlima unashuka na nyumba. Benki gani itakubali dhamana ya vile? Mama yangu iko na fishi ya parsele, ila mfereji hana. Kila mvua hatulale.

Mifereji na ngazi kwanza, hati ifuate. Ama munasemaje?