Uhakiki wa Mbinu ya Mpigo wa Mwanga katika Kupima Usambaaji Joto wa Tando Nyembamba za Polima

Mbinu ya mpigo wa mwanga, iliyowasilishwa na Parker na wenzake mwaka 1961, hutumika sana kupima usambaaji joto, yaani wepesi wa joto kuenea ndani ya maada. Upande mmoja wa sampuli humulikwa ghafla, na kupanda kwa jotoridi hurekodiwa upande wa pili. Kipeo cha pili cha unene huzidishwa kwa 0.1388, kisha hugawanywa kwa muda uliotumika kufikia nusu ya ongezeko la jotoridi. Ubora wake ni kwamba kiasi cha nishati iliyofyonzwa hakihitaji kujulikana. Hata hivyo, dhana tatu zinazoibeba hulegea sampuli inapokuwa utando mwembamba wa polima.

Dhana ya kwanza ni kwamba mpigo ni wa papo hapo. Usambaaji joto wa polima nyingi hukaribia mita za mraba 0.0000001 kwa sekunde. Kwa utando wa mikromita 100, muda wa nusu ni takribani milisekunde 14. Kwa mikromita 10, ni milisekunde 0.14 tu. Mpigo wa taa ya zenoni unaweza kudumu kuliko muda huo.

Dhana ya pili ni kwamba mwanga huishia usoni mwa sampuli. Polima nyingi hupitisha mwanga, hivyo hupakwa grafiti. Mikromita chache za grafiti kila upande ni kitu kidogo kwenye bamba nene, lakini kwenye utando wa mikromita 10 kinachopimwa ni mkusanyiko wa matabaka, si polima pekee.

Dhana ya tatu inahusu unene. Kwa kuwa unene huingia kwa kipeo cha pili, kosa la mikromita moja kati ya 10 huzaa kosa la takribani asilimia 20.

Mwanga unaokatwakatwa kwa masafa maalumu, kwa nadharia ya Rosencwaig na Gersho ya mwaka 1976, hupunguza tatizo la mpigo: kina cha joto ndani ya polima ni takribani mikromita 56 kwa hezi 10, na 5.6 kwa hezi 1000. Hata hivyo, hauondoi haja ya kujua matabaka yaliyopo.

Kwa hiyo, tasnifu inayotoa thamani ya usambaaji joto bila kutaja unene wa mpako, muda wa mpigo na namna unene wa utando ulivyopimwa, haijathibitisha sifa ya polima. Imeripoti tabia ya sampuli moja iliyopakwa.