Pambo Lisilolia

Ugogoni bizimu halikuwa na kazi. Mtu aliyejifunga shuka lubega alipiga fundo begani, basi. Madini yalikwenda mkononi, shingoni na masikioni. Misafara ya karne ya 19 iliyopita huku kuelekea Tabora na Ujiji ilitozwa hongo ya nguo, shanga na masango, yaani zile nyaya nene za shaba, ambazo mafundi walizikunja kuwa vikuku au kuzivuta hadi zikawa udodi. Kwa hiyo mtu wa Dodoma akitazama mabizimu ya Ulaya ya miaka elfu moja na zaidi iliyopita hatazami ndugu wa pambo lake. Anatazama jirani wa mbali aliyeishi kwenye baridi, mwenye nguo nzito isiyokubali fundo.

Hata hivyo jirani huyo ana la kutufundisha. Mwaka 2014 huko Galloway, Scotland, mtu mwenye mashine ya kutafutia madini ardhini aligundua hazina iliyozikwa yapata mwaka 900. Mlikuwa na vikuku vya fedha, dhahabu, na mabizimu ya fedha yaliyonakshiwa vizuri ajabu. Mwaka 2017 makumbusho ya taifa ya Scotland ililipa karibu pauni milioni 2 ili kuipata. Sifa nyingi zimekwenda kwenye madini, nami naona waliosifu wamesifu nusu. Kilichonishika mimi ni vitu ambavyo mashine haina sikio navyo: vitambaa vilivyofungia mapambo hayo, hariri ikiwemo, na madonge ya udongo yaliyohifadhiwa pamoja na mabizimu kana kwamba nayo ni mali. Bila shaka kwa mwenyewe yalikuwa mali. Vitu hivyo vilipona kwa sababu wanaakiolojia waliitwa, na ndio waliofukua tabaka la chini, lililofichwa kwa changarawe. Angeachiwa mtu mwenye haraka na koleo, leo tungekuwa na fedha tupu.

Sasa tuje Kondoa. Kwenye miamba yenye michoro, Kolo na kwingineko, watu wamekuwa wakichimba kutafuta mali ya Mjerumani. Wapo wanaoisoma michoro yenyewe kama alama zilizoachwa na wenye mali. Hadithi hii, msomaji, ina chimbuko la kweli. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walifua Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ikitoka Sekenke, Iramba. Ni sarafu nzuri, sibishi: tembo ameinua mkonga na nyuma yake kuna mlima. Lakini kama hadithi, ina kasoro kubwa. Mwezi Aprili mwaka huohuo Kondoa ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa majeshi ya Jenerali van Deventer. Huyo Mjerumani wa kuitoa dhahabu Tabora, kuipitisha karibu na mstari wa mapigano, na kuizika chini ya mwamba ambako wenyeji hufanya matambiko, alikuwa na nafasi gani?

Msikilizaji wa hadithi hachoki kwa hoja kama hiyo, najua. Mtu asiye na kitu akiambiwa kuna dhahabu chini ya jiwe, hawezi kukaa akahesabu miezi. Ubaya ni kile anachokitupa pembeni akichimba. Kwenye pango la Kisese II, wilayani Kondoa, lililochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2018 vinaonyesha kwamba za chini kabisa zina zaidi ya miaka 40,000. Fikiria: mtu alikaa akatoboa kipande cha ganda, akakisugua kingo hadi kikawa duara, apate kujipamba. Bizimu la Galloway mbele ya ushanga huo ni la juzi. Nao ushanga haulii kwenye mashine yoyote. Unapita kwenye koleo kama kokoto, na ukishatoka kwenye tabaka lake hakuna wa kusema tena ulilala na vitu gani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ilikihesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa kabla ya 1863. Tembo wa 1916 yuko nje ya mstari huo. Ushanga uko ndani. Lakini siwalaumu wachimbaji peke yao. Tunaousifu urithi wa Kondoa tunasifu ukuta na kuiacha sakafu. Hata Orodha ya Urithi wa Dunia, ilipoipokea Kondoa mwaka 2006, iliitaja kwa michoro ya miambani. Kijana anayeshika koleo usiku amesikia habari za dhahabu ya Mjerumani tangu utotoni. Habari za ushanga hajaambiwa na mtu.