Heko kwa Karakana ya Neema, Iringa

Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, inastahili pongezi kwa jambo kubwa kuliko kuwapa ajira watu wenye ulemavu. Karakana ya namna hii inatuonyesha mahali sahihi pa kutafitia vifaa vya watu wenye ulemavu wa viungo: kazini, ambako anayekitumia kifaa ndiye mwamuzi. Ushahidi upo. Mhandisi Amos Winter wa chuo cha MIT, Marekani, alipojaribisha Afrika Mashariki kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa wenzo, watumiaji walikiona kizito na kipana mno kwa matumizi ya ndani, kikasanifiwa upya.

Wapo watakaosema majaribio ya karakana yenye watu wachache hayathibitishi kitu. Lakini ulemavu wa viungo hutofautiana mno, na wastani wa watu mia unaweza usimfae hata mmoja wao. Kumpima mtu yuleyule mara nyingi, akiwa na kifaa na asipokuwa nacho, ni utafiti halali. Mahali pa kuufanya papo: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kimezungukwa na milima inayokijaribu kifaa kweli kweli. Wahandisi wake washirikiane na karakana kama hizi, na watumiaji walipwe kama watafiti wenza.